Yowasi, Ile Risasi Nyembamba Uliichagua Wewe

Mwaka umetimia, Baba Dorcus, tangu moyo wako usimame ghafla chumbani kwetu Al Muraqqabat, huku Uarabuni, Machi 2016. Machozi yamepungua. Kinyaa bado kimetukaa kooni, na leo tunakitema.

Miaka tisa ulikuwa mlinzi wa klabu ya shabaha, ukitunza bunduki zake. Ulikuwa mpole. Risasi ulizipangusa moja moja kwa kitambaa safi, kama mtu anayeandaa vikombe vya wageni, na aliyetetemeka mkono ulimwambia, "Polepole, sir, shabaha haikimbii."

Arbab wako, yaani tajiri aliyekuajiri, alitaka kushindana mita elfu moja kwa risasi nene kama kidole gumba, eti kwa sababu ina kishindo. Ulimshauri achukue ile nyembamba, ya milimita sita nukta tano: upepo hauisukumi ovyo, wala haimpigi mtu bega. Akacheka. "Wewe mlinzi tu, unajua nini?" Kweli debe tupu haliachi kuvuma.

Ukamwonyesha kama ulivyofundishwa jeshini. Ulimpakilia risasi bandia bila kumwambia. Alipovuta, bunduki ikalia "tik" tu, naye keshafumba macho na kuruka, wageni wake wakimwangalia. Ulidhani atajua kwamba kishindo kinamtisha. Hapo ulikosea, ndugu yetu: ulimfundisha bosi mbele za watu. "Khalas! Yalla, toka!" Akakufukuza kazi papo hapo. Wiki tatu baadaye ukatutoka.

Tulikuzika nyumbani, Masaka. Arbab hakutuma hata pole.

Mwezi uliofuata akabeba kombe, kwa ile ile nyembamba. Gazetini akajisifu kwamba ameichagua mwenyewe baada ya utafiti mrefu. Utafiti gani, na mtafiti yuko kaburini?

Wiki ile ile akabisha hodi chumbani, manukato yakimtangulia. Hakuuliza ulivyofariki wala watoto wanakula nini. Aliulizia daftari lako, lile uliloandikia upepo, umbali na mwendo wa kila risasi. "Sister, halina kazi kwenu. Mimi nina mashindano."

Mama Dorcus, mkeo, hakumkaribisha kiti.

"Sir," akamwambia, "nimemzika nalo. Kachimbe."

Wanaokukumbuka ni mkeo Trinah, binti zako Dorcus na Joweria, kaka yako Yekoniya aliye mlinzi wa majengo ya Jumeirah Lake Towers, na wenzako wote wa chumba. Pumzika, Yowasi. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.