Darubini ya Macho Mawili kwa Baba

Marangu, Kilimanjaro.
5 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Thadeus,

Hujambo wewe, wifi Pamela na watoto? Baridi ya Bremen imeshaanza kuwatesa, au bado mnatoka bila makoti? Sisi huku tuko salama. Mama goti linamsumbua lakini kihambani haachi kwenda. Ukimkataza anakuuliza ndizi atakatiwa na nani. Baba ni mzima, isipokuwa macho, na hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unamjua baba yako. Simu ikilia tu ameshavuta kiti, na anataka iwekwe sauti kubwa. Haya ya leo sitaki ayasikie.

Picha ya darubini uliyotuma niliipata. Ni kubwa, ni ndefu, na kwa bei hiyo ni ya bure kabisa. Lakini nakuomba usiinunue.

Daktari anasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu. Jicho la kushoto limepungukiwa upande mmoja, la kulia upande mwingine. Akitumia yote mawili anasoma hata gazeti, ila akifumba moja analalamika kuna mahali pameliwa. Na wewe unajua hamu yake. Miaka yote aliyopandisha wageni mlimani usiku, mwezi ndio uliokuwa taa yake, na hajawahi kuuona kwa karibu.

Ndiyo maana nahangaikia kile kichwa cha macho mawili alichopewa na mgeni wake wa mwisho, yule mpenda nyota, ambaye hakujiuliza kama Baba ana darubini ya kukifungia! Kinafungwa pale pa kutazamia, kinaugawa mwanga, kila jicho linapata lake.

Mwisho wa Agosti niliazima darubini ya shuleni kwetu, ndefu ya kioo kama hiyo yako. Hapa kwetu ni migomba na mawingu, basi tukashuka nayo hadi Kahe kwa Shangazi Eliona. Mwezi ulikuwa juu tangu jioni. Nikafunga kile kichwa, Baba akainama, akatazama kwa muda. Akasema, "Asante mwanangu, nimeona. Mzuri mno." Shangazi akapiga vigelegele.

Kisha nikatazama mimi. Thadeus, hapakuwa na mwezi. Ukungu mweupe tu. Nilizungusha kitasa cha kurekebishia picha mpaka mwisho na picha ikakataa kutulia, kwa sababu kichwa kile kinakula nafasi kati ya kioo na lensi za kutazamia, na nyingi za zile ndefu hazina nafasi ya kukipa bila kuongezewa lensi nyingine. Nililia kidogo gizani, sikufichi.

Kwa hiyo tafuta ile fupi nene, yenye kioo cha mviringo mbele, ambayo ukizungusha kitasa, kioo cha ndani chenyewe ndicho kinachosogea. Hiyo inakipokea kichwa vizuri. Hata iliyotumika haina neno. Upana wa sentimita kumi na mbili unatosha, sisi hatutafuti nyota hafifu. Lensi za kutazamia ziwe mbili, pacha kabisa. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungie kichwa cha kwake cha macho mawili, utazame mti wa mbali wewe mwenyewe. Usikubali maneno matupu, najua ulivyo mwepesi wa kushawishika madukani.

Itaingia kwenye begi la mkononi. Krismasi mkija nyumbani, mwezi utakuwa mchanga, tutashuka tena Kahe sote.

Mama anakusalimu, anauliza kama watoto wanajua kula mtori. Shangazi Eliona naye anakusalimu. Nibusie wifi.

Jana tukichambua kahawa nilimuuliza Baba kama kule Kahe aliona kweli. Akacheka, akasema, "Wewe ulilibeba lile dude kutoka huku mpaka kule. Ningesemaje?" Nikamuuliza, na ya Thadeus ikiwa vilevile?

"Nitamwambia nimeona."

Basi chagua vizuri, mdogo wangu, maana Baba hatatuambia.

Mungu awafikishe salama, nyote kwa pamoja.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka kila siku,
Redempta