Kikombe Alichokiweka Chini Fundi Bakri

Nyumba ya Marehemu Kayyali,
Bab Qinnasrin,
Halab, Siria.
Jumapili, 17 Machi 1996

Mpendwa Mjomba Sabri,

Naanza na dai langu, salamu zifuate nyuma, nawe uniwie radhi kwa kuugeuza utaratibu. Mfanyakazi anayemwambia tajiri wake kosa lake usoni hajamvunjia heshima. Amemheshimu kuliko wote wanaomwinamia. Dai hilo nitalitetea mpaka mstari wa mwisho, na sitaliacha hata likininyang'anya kazi.

Sasa salamu. U hali gani, Mjomba? Magoti yako yanaendeleaje katika unyevu wa Sao Paulo? Mkaza-mjomba Hayat hajambo, na watoto je, Kiarabu chao kimebaki kiasi gani? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Bibi Nazik bado anakataa miwani, na bado anamtambua kila aingiaye kwa kikohozi chake. Mama anakusalimu, ingawa tangu Ijumaa hasemi nami ila kwa sababu ya chumvi au mkate.

Sababu ya ukimya wake unaijua, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeileta. Barua yako ilifika juzi, na Mama Mdogo Ibtisam akaisoma kwa sauti kwa Bibi, baada ya chakula cha Ijumaa, kama desturi ya nyumba ilivyo kwa barua zako zote. Tulikuwa watu kumi na saba. Ulinitaja mara nne, na mara zote nne hukulitaja jina langu. Niliitwa "huyo msomi wenu". Nikasikiliza mpaka mwisho, maana anayetaka kusikilizwa hana budi kusikiliza.

Sijasahau kwamba kazi hii niliipata kwa mkono wako. Ulimwandikia Haji Rushdi, uliyekaa naye dawati moja shuleni, kwamba mpwa wako amehitimu kemia na anatafuta mahali. Akanipokea kwa kumbatio. Kwa miezi kumi na sita nimekula mkate wake, na sisemi neno hapa ambalo singelisema mbele yake.

Wewe mwenyewe uliwahi kukata sabuni katika karakana ile kabla hujapanda meli. Kwa hiyo huhitaji nikueleze kwamba kipande hugongwa muhuri kikiwa kibichi, jina la nyumba na mwaka wake, kisha hupangwa katika minara ya ghala la juu, kukiwa na nafasi ya hewa kati ya kipande na kipande, kikae hapo miezi minane mpaka ukijani wa nje ugeuke dhahabu. Tangu babu yake Haji, hakuna aliyethubutu kuiharakisha hewa.

Mwaka huu Haji ameiharakisha. Mwezi Januari aliamuru nafasi zizibwe, minara ikaribiane, na majiko manne ya dizeli yapandishwe ghalani. Alisema kuna mteja wa ng'ambo, anayetaka makasha mia nne, asiyeweza kusubiri. Jina la mteja hakulitaja. Nikaona ajabu, kwa sababu Haji ni mtu wa kujisifu. Mteja wa makasha arobaini tu angemtangaza mpaka kwa kinyozi.

Nilifanya lile nililosomea. Kipande kibichi kina gramu mia mbili na thelathini. Kilichokaushwa na hewa kwa miezi minane hubaki na mia na tisini. Kilichokaa siku kumi karibu na majiko kilikuwa na dhahabu nzuri kwa nje, ungekidhania ni kaka yake mkubwa, lakini mizani ilisema mia mbili na ishirini na mbili. Ngozi imekauka, moyo umejaa maji. Kipande cha namna hiyo kikifungwa kashani, kikavuka bahari na kukutana na joto lenu, kitasinyaa, kitapasuka, na jina la nyumba litapinda juu yake kama uso wa mlevi.

Kisha likaja jambo la pili, na hili ndilo zito. Alhamisi ya tarehe kumi na tano Februari, Haji alituita ofisini mimi na Fundi Bakri, mgonga muhuri wake wa miaka arobaini na mmoja, akafunga mlango. Akafungua droo, akatoa nyundo ya muhuri ya mwaka jana.

"Mmwago wa Jumamosi utaugonga na hii," akamwambia Fundi.

"Hiyo ni ya tisini na tano, Haji."

"Mimi kipofu? Najua."

"Na sabuni ni ya tisini na sita."

"Bakri, sabuni haina cheti cha kuzaliwa. Chukua."

Fundi Bakri hakuichukua, bali aliiacha mezani, akatoka. Tulikuwa watatu chumbani, Mjomba, na wa nne hakuwapo. Nakuomba uishike hesabu hiyo.

Jumamosi ilikuwa siku ya Mmwago wa Mwisho. Unaikumbuka: sufuria ya mwisho ya sabuni ya msimu ikishamwagwa sakafuni, tajiri huchukua dele mwenyewe na kuwamiminia kahawa wafanyakazi wake, akianzia na mdogo wa kazi na kumalizia na mkongwe, na kila apewaye kikombe ana haki ya neno moja, tamu au chungu. Haji anadai sasa kwamba haki hiyo ni ya kuombea baraka tu. Namuuliza, nawe nakuuliza: mwaka ule wakataji walipolalamikia ngazi mbovu, waliisema siku gani? Wewe ndiwe uliyetusimulia kisa hicho, tukiwa wadogo, ulipokuja likizo. Ulikisimulia kwa fahari.

Mimi ndimi mdogo wa kazi, hivyo nilikuwa wa kwanza. Na hapa nakiri kosa langu, kosa ambalo hata muuza karanga wa mji huu asingelifanya. Niliinywa kahawa. Niliinywa yote, kwa wasiwasi, kisha ndipo nikasema. Vitabu nilivyosoma havikunikumbusha kile Bibi alichonifunza nikiwa sijajua kuvaa viatu, kwamba mwenye ombi zito hanywi. Hukiweka kikombe chini mbele ya mwenyeji, na kahawa hukaa hapo mpaka ombi lijibiwe.

"Haji," nilisema, "naomba majiko yazimwe, na nafasi zirudishwe minarani. Sabuni inakauka ngozi tu. Nimeipima."

"Umeipima na nini, mwanangu?"

"Na mizani."

"Mizani! Basi kesho shuka sokoni ukawapimie kina mama nyanya. Huku tuachie pua zetu."

Karakana nzima ikacheka. Hammud mkataji, ambaye mdomo wake unakata kuliko reki yake ya kukatia sabuni, akadakia: "We msomi, kahawa ushaimaliza, unadai nini tena? Lamba kikombe, usubiri mwakani!"

Wakacheka tena, na nikiri kwamba alikuwa na haki. Wengine wakanywa, kila mmoja akaomba baraka yake. Mwisho dele likamfikia Fundi Bakri. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakitazama, akainama polepole kama aogopaye mgongo wake, akakiweka sakafuni mbele ya viatu vya Haji.

"Bakri, kahawa itapoa."

"Na ipoe, Haji."

"Sema basi unachotaka."

"Ninachotaka unakijua. Tulikuwa watatu."

Haji Rushdi alikiruka kikombe, Mjomba. Aliinua kanzu yake kidogo, akapitisha mguu juu yake, akapanda ofisini. Watu tisa tulibaki tumekizunguka kikombe kimoja, na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Jumatatu yake Fundi Bakri aliambiwa akapumzike nyumbani. Nyundo anaishika sasa mtoto wa dada yake Haji, na anagonga tisini na tano. Mimi nimepewa muda mpaka makasha yapakiwe: niombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, au nimfuate Fundi.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Uliandika: "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Methali hiyo naiheshimu, ila umeipeleka pasipo pake. Imetungwa kwa ajili ya adui. Je, Haji Rushdi ni adui yangu? Ukisema ndiyo, kwa nini ulinipeleka kwake? Ukisema siyo, basi mkono wake si wa kukatwa wala wa kubusiwa. Ni wa kushikwa usitumbukie motoni. Wale saba waliokunywa na kuomba baraka hawakumheshimu. Walimwogopa. Ukitaka kujua tofauti, wasikilize wanavyomsema akishapanda ngazi.

Lakini si methali iliyoninyima usingizi. Ni sentensi nyingine, ambayo Mama Mdogo aliisoma na watu wakaicheka. Nainakili neno kwa neno: "Mwambieni akauke yeye kwanza, kabla ya kuuliza sabuni imekauka lini. Muhuri ni wa mwenye jina, na mwaka gani ugongwe si kazi ya mtoto wa juzi."

Mjomba, nani alikuambia habari ya mwaka?

Karakanani, siku ile, mimi nilitaja majiko na nafasi. Muhuri sikuutaja, nilijiambia ni staha, kumbe ilikuwa woga, na hiyo ndiyo nusu ya dai langu ambayo mimi mwenyewe sikuitimiza. Barua ya Mama kwako niliisoma kabla haijafungwa, na niliipeleka posta kwa mkono wangu: ina majiko, ina aibu yangu, haina muhuri. Fundi Bakri hajui kuandika zaidi ya jina analoligonga, na simu hana. Katika wale watatu, amebaki mmoja, na huyo anayo simu mezani.

Tangu Ijumaa kila jambo dogo linanirudia na uso mwingine. Nakumbuka Jumatano moja ya Januari nilipopita chini ya dirisha la ofisi, nikamsikia Haji akicheka simuni: "Tulia, Jenerali, mwezi wa nne yatakuwa melini." Sikujali, maana majenerali ni wengi katika nchi yetu. Leo nakumbuka kwamba Bibi akikukasirikia hukuita Jenerali, na kwamba jina hilo ulilitoa shuleni, kwenye dawati lile lile. Nakumbuka pia ulivyotuandikia mwaka jana kwamba duka lako la pili litafunguliwa mwezi Juni.

Najua dhana si ushahidi. Ndiyo maana sikuhukumu, nakuuliza. Kama mteja wa makasha mia nne ni wewe, naiona milango miwili tu. Huenda Haji alikuambia kila kitu nawe ukaridhia, na hapo ulinikemea mbele ya watu kumi na saba kwa ajili ya duka lako, si kwa ajili ya adabu yangu. Au huenda alikuambia kwamba makasha ni ya mwaka jana, kwamba mtoto wa dada yako anabishia tarehe kwa ujinga wake, nawe ukamwamini rafiki. Na hapo unaibiwa, Mjomba, na anayekuambia ndiye huyo huyo msomi wenu. Kama kuna mlango wa tatu, nionyeshe, nitaupita kwa furaha na kukubusu kichwa.

Wafikirie wanaokuja dukani kwako. Ni kina mama wa Halab ambao hawajaiona Halab kwa miaka thelathini. Hawanunui sabuni, wananunua ua wa nyumba ya mama zao. Watausoma mwaka kwa kidole, watavuta harufu, watakuamini. Baada ya mwezi kipande kitapasuka mikononi mwao.

Bibi Nazik anakusalimu sana, naye anasema ule vizuri na uache kuvuta. Mama Mdogo Ibtisam anakusalimu. Salamu za Mama nimeshazitoa. Nifikishie salamu kwa Mkaza-mjomba Hayat na kwa kila mtoto kwa jina lake. Mungu akuponye magoti, akubarikie riziki iliyo safi, na akulinde na rafiki anayecheka simuni.

Ombi langu ni moja, na nalitoa hadharani, kwani barua hii nimeisoma mbele ya Bibi kabla ya kuifunga. Amesikiliza, kisha akamtuma mtu kwa Fundi Bakri na mwingine kwa Haji Rushdi, kuwaalika wote wawili kwa chakula cha Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Aprili, siku nane kabla makasha hayajaondoka bandarini Latakia. Usipige simu, simu haina mashahidi. Ulinikaripia kwa barua iliyosomwa, nijibu kwa barua itakayosomwa na Mama Mdogo mbele ya wote: uliujua mwaka ule, au hukuujua? Na kama hukuujua, andika makasha yazuiwe na Fundi arudishiwe nyundo yake.

Kahawa itamiminwa baada ya chakula, kama kawaida. Safari hii sitakosea. Kikombe changu kitakuwa chini, kimejaa, mpaka jibu lako lisomwe.

Mpwa wako, anayekupenda na kukuuliza,
Munzir