Mabeseni ya Mama Mdogo Nasreen

Mpendwa Bi Severa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla mama mdogo Nasreen hajaondoka, maana amesema shule zikifunguliwa atahamia Buguruni akashone mapazia peke yake, na yeye ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Hapa Ilala tunashona mabegi ya shule ya kuuza Kariakoo, Twaha anakata, Awadhi anaunga mifuko, mama mdogo anatia zipu, baba anamalizia mikanda, na baba anataka kila cherehani ilie kutwa, kwa hiyo mabegi yasiyo na zipu yanamrundikia mama mdogo hadi haonekani, kisha baba anapaza sauti, "Nasreen, wote tunakusubiri wewe!" Juzi mama mdogo alimjibu, "Shemeji, nina mikono miwili, mimi si pweza," mafundi wakacheka, lakini mimi niliona machozi. Darasani tumefundishwa njia nyingine, kwamba kazi ipitishwe kwa mabeseni, na fundi asianze kazi mpya mpaka anayemfuata amrudishie beseni tupu, nikamweleza baba palepale, akasema, "Sitara, yaani Awadhi achezee simu, mimi nimtazame?" Je, tufuate njia ipi, na nimwambieje baba bila kumkosea adabu?

Sitara, Ilala

Marahaba, mwanangu. Huyo mama mdogo wako nimempenda kabla sijamwona.

Njia ya mabeseni ndiyo inayowafaa. Kushona haraka kitu kisichoweza kusonga mbele ni kujaza chumba tu. Baba yako anasikia cherehani zikilia, moyo wake unatulia, lakini mabegi yanayotoka ni yaleyale. Ila beseni halitii zipu. Awadhi akiona lake limejaa, asishike simu, asogee kwa mama mdogo wasaidiane. Hapo baba atakuwa na la kusema?

Sasa nikugombeze kidogo. Mzazi hafundishwi kazi mbele ya mafundi wake, Sitara! Ngoja wakiondoka, mpelekee chai, umwombe siku moja tu ya kujaribu. Tena umeniandikia mimi wa gazetini, mwenye zipu hujamuuliza neno. Kamuulize leo beseni moja libebe mabegi mangapi.

Na wewe mwenyewe, barua nzima hujaniambia unashona nini. Uko likizo. Vuta kigoda, kaa ubavuni pake, akufundishe kutia zipu. Sidhani kama atakwenda Buguruni huku mwanawe bado anazipindisha.