Chuma cha Mgongo wa Mama Yako

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Gungu. Sisi wazima, dagaa wanapatikana, na mjomba wako bado anajua kila kitu.

Unauliza kama madaktari wamshikizie mama yako uti wa mgongo kwa chuma, au kwa vipande vya nyuzi za kaboni, visivyoziba picha za vipimo kama chuma. Mjomba wako kasema, "Chuma kinatosha. Saratani imeshafika mgongoni, kaboni ya nini?" Nikamwambia anywe chai yake, maana nililotaka kusema halifai kuandikwa.

Nilipokuwa msichana, ubao mmoja wa mtumbwi wetu ulianza kuoza. Badala ya kuubadilisha, baba akapigilia bati juu yake. Majirani wakasifu. Mama akauliza, "Sasa huko chini tutaonaje?"

"Bati halivuji, mke wangu!"

Kweli halikuvuja. Uozo ukatambaa chini yake ubao kwa ubao, nasi tukisifu mng'ao. Tulipolibandua, mtumbwi haukufaa hata kuni.

Sisemi chuma ni kibaya, wengi kimewasimamisha. Lakini muulize daktari: ugonjwa ukirudi, atauona? Mionzi ya kumtibu itafika panapotakiwa? Akikuridhisha kuwa chuma hakitamzuia kuona wala kutibu, kiwekwe. Asikujibu tu kwamba mtu wa hali hii hana haja ya kuangaliwa tena. Hilo silikubali, hata likisemwa na mwanangu wa kumzaa.

Mwambie daktari amchagulie mama yako kama mtu atakayerudi mwakani kupigwa picha.

Bibi yako