Kigoda cha Baba Sebuleni

Mbita, Jumamosi, 1967

Basi bwana na bibi wa Kizungu wameichukua nyumba yangu kwa kodi, likizo nzima. Kule Homa Bay walikataa mbili, eti zina makochi kama ya Nairobi. Hii yangu, yule bibi aliipenda mara tu alipoona ngao na kigoda cha marehemu baba.

Mimi ndiye niliyevitoa kwa mama, nikavipanga sebuleni vivutie wageni.

Leo mama alikuja na samaki, akamkuta yule bibi amekalia kigoda ambacho sisi wanawe hatujathubutu kukikalia tangu mazishi. Hakupiga kelele.

“Ochieng', baba yako umempangisha,” akasema, akarudi na samaki wake.

Yule bibi akaniuliza kama mama ana kigoda kingine.

Nami nikamjibu kwamba nitaangalia.