Plagi ya Tatu

Kaka Gaudens, shikamoo.

Uji umo jikoni, nimeufunika. Mwambie mama nimewahi lori la kurudi shule.

Usinunue betri. Dizeli yako ina plagi nne za kupasha injini moto, zimeungwa kwa mfululizo: moja ikiungua, zote zinakaa baridi. Pitisha waya juu ya ile ya tatu, utaona zilizobaki zinapata moto. Fundi yeyote wa Temeke angekwambia, ila leo asubuhi ulimtangazia baba yake Tekla kwamba wewe na mafundi wapi na wapi.

Mzee wa watu alikaa ndani ya gari na kanzu ya misa, wewe unasukuma, suti ya posa imelowa jasho. Aliposhuka akasema, "Gari tu limekushinda, binti yangu utamweza?" Tekla akamfuata bila kugeuka.

~~Nisamehe, kaka.~~

Juzi uliwasomea wageni barua niliyomwandikia mama nikilia shuleni, tena kwa sauti ya kitoto. Walipomaliza kucheka, nikaenda kupachika ile plagi mbovu uliyoitupa.

Ile nzima niliyoichomoa imo kwenye kopo la chumvi. Tekla mtafute mwenyewe.

Mdogo wako mtiifu,
Projestus