Kengele ya Ntavuga

Jumatatu, 3 Machi
Nguruwe pori wawili kabla jua halijakaza. Muhogo wa upande wa mtoni umepona. Mbwa wangu Ntavuga kafanya kazi yote. Sisi wanaume watatu na mikuki yetu tulikuwa mapambo. Kama kawaida, wakati wa kwenda kengele yake ya mti imejazwa majani isilie. Tukifika nachomoa majani, namwachia. Ko, ko, ko vichakani, tunajua alipo. Bila kengele angepotea, maana habweki. Ndilo jina lake kwa Kiha: hasemi.

Nimekuwa utingo wa malori miaka kumi na moja. Bujumbura, Lubumbashi, Mombasa. Nimeona mbwa wa Wazungu wanaolala kwenye makochi. Mmoja kazi yake kunusa, mwingine kukimbiza, mwingine kulinda geti. Wangu anafanya yote hayo, anakamata na panya wa ghalani, jioni anajilamba mwili mzima kama paka. Masikio wima. Mkia umejiviringisha mgongoni kama kata ya kubebea mtungi. Shule niliishia darasa la sita lakini mbwa nawajua.

Kidonda cha mdomoni kimefunga. Cha Januari, alipoua bweha aliyeingia uani saa sita mchana, bila aibu. Kisa hicho nimekisimulia kijiji kizima mara mbili.

Jumatano, 5 Machi
Alikuja Papa Asukulu, rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongo muuza sabuni. Tukabishana kama siku zote. Baba yangu alisema mbwa hawa babu zetu walikuja nao kutoka vilima vya Burundi. Papa anasema wametoka msitu wa kwao, ndiko wanakovalishwa kengele na kuswaga paa mpaka kwenye nyavu. Kisha kuna picha niliyoonyeshwa kwenye simu, ukuta wa kaburi la kale Misri, mbwa wa masikio na mkia kama wa Ntavuga. Kwa hiyo nasema ni wa Farao, nawashinda wote.

"Iyi imbwa ni ya kwetu, Gervasi. Nyiye mliiba."
"Hatukuiba, Papa. Ilikuja tukaipokea, kama wewe."

Alicheka, akainama kumshika sikio, kama anavyofanya kila akija. Ntavuga akamuuma mkono. Meno yote. Mtu anayempenda kuliko mimi.

Akauliza, "Ilichanjwa?"
Nikasema, "Ilichanjwa."

Hajachanjwa. Mwaka jana walipokuja kuchanja mbwa nilisimama mbele za watu nikasema mbwa wa Farao hahitaji sindano ya serikali. Watu walicheka sana. Nilifurahi.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja bwana mifugo. Wetu ni mwanamke, katoka Moshi, ila cheo kinaitwa hivyo. Kasema habari ya Papa kuumwa imemfikia, nimfunge Ntavuga siku kumi, nimwangalie. Akaomba kadi ya chanjo. Nikasema imeliwa na panya. Panya, kwenye nyumba ya Ntavuga.

Ijumaa, 7 Machi
Hajala. Ugali na utumbo wa mbuzi, hata kunusa hakunusa. Kajificha ghalani nyuma ya magunia, hataki mwanga. Mke wangu kauliza. Nimemwambia ni joto. Mvua inanyesha tangu asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi kabweka. Sauti mbovu, kama mtu aliyekabwa. Mara moja, halafu tatu mfululizo. Miaka sita sijawahi kuisikia.

Jirani akapaza sauti huko kwake, "Gervasi, mbwa wako leo kajifunza Kiswahili."

Utani mzuri. Ningeutoa mimi. Nilichungulia: udenda mpaka kifuani. Nikakumbuka yule bweha wa saa sita mchana na kidonda alichomwachia. Sikusikia hofu, sikusikia kitu. Nikafunga mlango kwa komeo, nikachukua bodaboda mpaka Nyarugusu.

Papa alikuwa amekaa kwenye sabuni zake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba hajachanjwa. Kwamba nilijua. Kaniacha nimalize.

"Weye, mdomo yako naijua," kasema. "Siku ile ile nilienda hospitali. Leo nimedungwa sindano ya pili."

Mtu niliyekaribia kumuua kwa sifa.

Halafu akasema, "Na weye? Si inakulambaka mikono kila siku?" Sikuwa nimefikiria. Akaacha sabuni zake kwa mwenzake, akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye foleni ya sindano.

Jumapili, 9 Machi
Kaja bwana mifugo. Nilimpigia simu jana. Taya la Ntavuga lilikuwa limening'inia, miguu ya nyuma imekufa. Mwaka jana nilimnyima sindano mbele za watu. Leo kachomwa nyingine, ya mwisho, naangalia peke yangu. Kichwa kimepelekwa kupimwa. Nimezika kilichobaki nyuma ya ghala. Kengele niliivua kwanza.

Sikulia. Nilikula maharage, sahani nzima.

Nimempigia mwalimu wa Kibondo niliyempa mtoto wa Ntavuga, wa pekee aliyebaki. Nikamwambia, mchanje kesho. Alidhani natania. Nilirudia mara nne.

Jumatano, 12 Machi
Majibu: kichaa cha mbwa.
Nimempeleka mke wangu na wale wawili wa mikuki Kasulu kuchomwa sindano. Njiani kwenye basi walitaka niwasimulie ya Mombasa. Sikuwa nayo. Niliwasimulia ya kadi na panya. Hakuna aliyecheka. Mke wangu alitazama dirishani mpaka tukafika.

Jumapili, 16 Machi
Nguruwe wamerudi. Mistari mitatu ya muhogo imefukuliwa.

Papa kaja na kipande cha sabuni, kaosha mikono kwenye pipa, kakaa. Kidonda chake kinakauka. Hatukubishana mbwa ni wa wapi.

Alipoondoka nilitoa kengele kwenye msumari. Ikagonga mara moja, ko. Nikatoka nje nikachuma majani, nikaijaza mpaka juu. Nimeirudisha ukutani.